Jinsi Mpiga Kinanda wa Kwaya Anavyoweza Kujifunza Preludi ya Chopin katika E Maina (E minor)

Wapiga vinanda wengi wa kwaya hapa Tabora tumelelewa na solfa, yaani kusoma muziki kwa do, re, mi, na ndiyo maana karatasi ya noti za piano hututia woga hata kabla hatujaisoma. Preludi (kipande kifupi cha piano) ya nne katika opasi 28, yaani kazi namba 28, ya mtunzi Frédéric Chopin, iliyochapishwa mwaka 1839, haistahili woga huo, kwa kuwa ina vipimo 25 tu, yaani visehemu vinavyotengwa kwa mistari ya wima kwenye karatasi, na mwendo wake ni wa polepole sana. Tena si ngeni kanisani: ilipigwa kwa ogani katika mazishi ya Chopin mwenyewe, Paris, mwaka 1849.

Weka do kwenye G. Anza na mkono wa kushoto peke yake: bonyeza do, mi na la kwa pamoja, yaani G, B na E, kisha urudie kodi hiyo (noti zinazopigwa kwa pamoja) mara nane kwa uzito ule ule, bila kuinua vidole mbali na funguo. Katika kipimo cha pili noti ya chini inashuka nusu hatua, yaani hadi ufunguo wa jirani kabisa, ambao ni ti, halafu nusu hatua nyingine, na kodi zinaendelea kuteremka hivyo, mara kidole hiki kikihama, mara kile, huku vingine vimetulia. Mkono huu upe hata wiki mbili nzima, maana huzuni yote ya muziki huu imo humo. Umeme ukikatika jioni, endelea na mazoezi juu ya meza.

Mkono wa kulia, baada ya kuruka oktava moja, yaani kutoka mi ya chini hadi mi ya juu yake, unakaa juu ya mi, unagusa fa na kurudi. Uimbe kwanza kama soprano ili ujue pa kuvuta pumzi. Kodi ikibadilika, badilisha na pedali, la sivyo noti zilizopita zitachafua zinazofuata.

Katika kipimo cha 13 wimbo unaanza upya, na kuanzia cha 16 hadi cha 18 unaharakisha na kupaza sauti. Usifanye hivyo mahali pengine popote. Baada ya hapo acha sauti ififie. Katika kipimo cha 23 kuna kituo cha kimya: kishikilie, usikiogope, ndipo upige kodi tatu za mwisho kwa sauti ndogo mno. Kinanda kifupi kikikosa noti za chini za kodi hizo, zipandishe oktava moja.