Buibui mkubwa nyumbani: mtambue kwanza, kisha mtoe akiwa mzima

Buibui bapa aliyeganda ukutani na yule mwenye manyoya aliyechimba shimo uani hawatolewi kwa njia moja. Kwa hiyo anza na macho, ufagio baadaye.

1. Mtambue

Simama umbali wa mita moja na nusu, mmulike kwa tochi kutoka pembeni. Akiwa bapa, miguu imetandazwa ubavuni mithili ya kaa, huyo mara nyingi ni mwindaji wa mende, Heteropoda venatoria. Pamoja na miguu hufika sentimita 12 hivi. Hatandi utando wa kunasia, na mbio zake ndizo zinazotisha watu. Akiwa amekumbatia kitu cha mviringo bapa chini ya mwili, ni jike na mayai yake.

Akiwa mnene, mwenye manyoya na miguu mizito, ongeza tahadhari. Kenya na Tanzania wapo Pterinochilus murinus, mara nyingi wa rangi ya chungwa, na Pelinobius muticus wa rangi ya kutu, mwenye miguu ya nyuma minene iliyopinda, ambaye pamoja na miguu anaweza kufika sentimita 20. Hawana yale manyoya ya kuwasha wanayorusha jamaa zao wa Amerika, basi hutegemea meno. Akiinua miguu ya mbele, rudi nyuma kwanza.

2. Vifaa

Kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye mdomo wa sentimita 15 au zaidi, kadibodi ngumu pana kuliko mdomo huo, tochi, viatu vya kufunika. Kopo dogo ndilo kosa la kawaida: ukingo hubana mguu, buibui anaukata na kutoroka.

3. Wa ukutani

Zima feni, kwani vinyweleo vya miguuni huhisi upepo mdogo sana. Sogeza kopo polepole, mdomo ukielekea ukuta moja kwa moja, kisha malizia sentimita 10 za mwisho kwa haraka. Pitisha kadibodi taratibu kutoka upande mmoja. Mguu ukikwama, legeza kidogo, usisukume. Akiwa darini mwongoze chini kwa ufagio mrefu. Dawa ya kupuliza humfanya aanguke na kukimbia ovyo, pengine kuelekea kwako.

4. Mwenye manyoya, sakafuni

Anayeingia ndani msimu wa mvua mara nyingi ni dume anayetafuta jike. Laza kopo mbele yake, mguse miguu ya nyuma kwa mpini wa ufagio, ataingia mwenyewe. Inua kopo taratibu na ufunike. Usimwangushe hata kutoka usawa wa meza: tumbo lake ni laini, hupasuka.

5. Wa shimoni

Shimo lake lina hariri kwenye mdomo. La panya lina njia iliyokanyagwa na mavi. La Pelinobius linaweza kwenda chini mita 2, ndiyo maana kumwaga maji ya moto au mafuta ya taa huchafua udongo na kumwacha salama. Likiwa mbali na njia, zungushia mawe, wakataze watoto kuchokoa kwa vijiti, mwache. Likiwa mlangoni, subiri giza liingie apande hadi mdomoni, kisha chomeka sepeto kwa mshazari nyuma yake, kama sentimita 10 ndani, umzibie njia ya kurudi. Hapo mfunike kwa kopo. Mpeleke kwenye kichaka chenye kivuli, kamwe si juani.

6. Akiuma

Osha kwa maji na sabuni, vua pete, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Usichanje wala kufunga kamba. Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa, huuma vibaya, na misuli inaweza kukakamaa. Mtoto, au yeyote anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Na huyo bapa wa ukutani? Atarudi maadamu mende wapo na taa ya mlangoni inavuta wadudu usiku kucha. Ziba uwazi chini ya mlango kwa mpira.