Kuandaa simu za kujaribia programu: hatua kwa hatua kwa wasanidi wa Uganda

Programu nyingi huandikwa Kampala kwenye kompyuta yenye nguvu, zikajaribiwa kwenye simu nzuri ya msanidi mwenyewe, kisha zikapelekwa kwa wakala wa Kasese au Lira mwenye Tecno au itel ya RAM ndogo, laini mbili na hifadhi iliyojaa picha. Huko ndiko zinakogoma, na wakala hana namna ya kukueleza zaidi ya kusema "imejifunga". Simu kama ya wakala yule inatakiwa iwe juu ya meza yako tangu siku ya kwanza ya kuandika programu, imeunganishwa na kompyuta, ikikuambia kila kinachoharibika. Naeleza Android kwa kirefu, maana ndiyo walionayo wateja wetu wengi.

1. Chagua simu kuanzia chini

Anza na simu ya bei nafuu inayotumia Android Go, toleo lililotengenezwa kwa ajili ya simu zenye RAM ndogo. Ya pili iwe Samsung au Redmi ya kati. Ukipata nafasi, ongeza simu kuukuu yenye toleo la chini kabisa la Android ambalo programu yako inaahidi kulikubali. Emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, inafaa kwa kupanga skrini, lakini inakula RAM ya kompyuta na haina laini ya MTN wala ya Airtel. Wala haina ile mifumo ya kubana betri ambayo kila kampuni ya simu huweka kwa namna yake.

Simu zilizotumika utazipata kwa urahisi katika maduka ya William Street na Mutaasa Kafeero, Kampala. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google kwenye mipangilio, ndipo aifute simu mbele yako. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa vitufe bila akaunti kuondolewa huwaka ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, na hapo umenunua kioo tu. Chomeka waya, uutikise kidogo: tundu lililolegea litakukatia mawasiliano kila dakika.

Usitumie simu yako ya kila siku. Baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka zikikuta chaguo za wasanidi (tazama hatua ya 3) zimewashwa, na simu yenye laini ya pesa zako haifai kufutwafutwa.

2. Pata waya unaopitisha data

Waya wa USB wa kawaida una nyuzi mbili za umeme na mbili za data. Waya nyingi za barabarani zina zile za umeme tu. Simu itachaji vizuri kabisa na kompyuta isijue kuna kitu kimechomekwa. Ukikwama hapa, badilisha waya kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote, kisha uuwekee alama ule unaofanya kazi usije ukaazimwa.

3. Washa chaguo za wasanidi programu

Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7. Simu iliyowekwa Kiingereza itaandika Build number. Kwenye Samsung imo ndani ya Software information. Kwenye Redmi, ambazo ni simu za Xiaomi, unagusa toleo la mfumo wao, MIUI au HyperOS. Simu itadai PIN, kisha menyu mpya itatokea, mara nyingi chini ya Mfumo. Ndani yake washa Utatuzi wa USB, unaoiruhusu kompyuta kuiamuru simu kupitia waya, na ile swichi ya kuacha skrini ikiwaka wakati wa kuchaji.

Kila kampuni ina mlango wake wa ziada. Samsung mpya zina Auto Blocker kwenye sehemu ya usalama, nayo huzuia amri zinazopita kwenye waya, izime kwanza. Redmi hutaka uwashe pia Install via USB, na mara nyingi hudai laini ya simu na akaunti ya Xiaomi kabla ya kukubali. Usipofanya hivyo utaona `INSTALL_FAILED_USER_RESTRICTED` ukadhani kosa liko kwenye msimbo wako.

4. Tambulisha simu kwa kompyuta

Sakinisha Android Studio, au kifurushi cha platform-tools peke yake kama bando ni dogo. Ndicho chenye adb, programu ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta. Chomeka simu, fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike:

`adb devices`

Kwenye simu litatokea swali la kuruhusu utatuzi kutoka kompyuta hii. Weka alama ya kuruhusu kila wakati, ukubali. Ukiona neno `device` mbele ya namba ya utambulisho wa kifaa (serial), umemaliza. Ukiona `unauthorized`, fungua skrini ya simu. Swali linakusubiri huko. Ukiona `no permissions` kwenye Ubuntu, sakinisha `android-sdk-platform-tools-common`, uchomoe na kuchomeka tena. Orodha ikiwa tupu kwenye Windows, huenda inakosekana draiva ya kampuni ya simu. Simu nyingine hujiweka kwenye kuchaji tu: shusha arifa, chagua kuhamisha faili. Kikishindikana kabisa, `adb kill-server` kisha `adb start-server`.

Tangu Android 11, ruhusa ya kompyuta isiyotumika kwa siku 7 hufutwa. Simu uliyoiacha kwenye droo ikirudi kuuliza upya, haijaharibika.

5. Fikisha simu kwenye seva yako bila bando

Ukiandika `localhost` ndani ya programu, simu inajitafuta yenyewe. Ile anwani ya 10.0.2.2 ni ya emuleta tu. Kwa simu halisi, tumia waya:

`adb reverse tcp:8000 tcp:8000`

Sasa `http://localhost:8000` ya simu inafika kwenye seva iliyo kwenye kompyuta yako. Huhitaji Wi-Fi wala MB hata moja, na kwa bei ya data yetu, iliyobeba ushuru wa asilimia 12 tangu 2021, hilo si jambo dogo. Amri hii hupotea ukichomoa waya, basi irudie kila unapounganisha.

Tangu Android 9, programu mpya haziruhusiwi kutumia http isiyofichwa. Weka `android:usesCleartextTraffic="true"` kwenye `src/debug/AndroidManifest.xml` pekee, isije ikaingia kwenye toleo la wateja.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Ukizima data kwa `adb shell svc data disable` na Wi-Fi kwa `adb shell svc wifi disable` ili uone programu inafanyaje mtandao ukikatika, maombi bado yanafika kwenye seva kupitia waya. Unaona kila kitu kinakwenda, unafurahi bure. Kabla ya jaribio la mtandao kukatika, andika `adb reverse --remove-all`.

6. Soma logi ya programu yako tu

Logi, yaani maandishi ya kila tukio ambayo simu hujiandikia, ni mafuriko ukiisoma ya simu nzima. Ichuje, ukiweka jina la kifurushi chako (package name, jina linaloitambulisha programu yako kwenye simu) mahali pa langu:

`adb logcat --pid=$(adb shell pidof -s ug.mfano.akiba)`

Amri hii hufuata namba ya mchakato (pid) ya programu, na programu ikishajifunga namba hiyo hubadilika, kwa hiyo kwa ajali tumia `adb logcat -b crash`. Utapata kitu kama hiki:

`FATAL EXCEPTION: main`
`java.lang.NumberFormatException: For input string: "50,000"`
`at ug.mfano.akiba.Malipo.soma(Malipo.kt:42)`

Mstari wa pili unasema kilichotokea: mtu ameandika kiasi chenye alama ya mkato, kama sote tunavyoandika shilingi elfu hamsini. Kisha shuka hadi mstari wa kwanza wenye jina la kifurushi chako, uache yote ya mfumo. Hapo ni faili la Malipo, mstari wa 42. Ikiwa kuna `Caused by`, anza na ile ya mwisho kwenda chini; mara nyingi ndiyo yenye chanzo.

7. Jaribu kurudi kutoka kwenye PIN

Hapa ndipo programu nyingi za malipo huanguka nchini kwetu. Mteja anabonyeza Lipa. Dirisha la kuweka PIN linakuja juu ya programu yako, au yeye mwenyewe anatoka kwenda kupiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel ili aone salio. Kwenye simu yenye RAM ndogo, Android huiua programu iliyoko nyuma ili kupata nafasi. Mteja anarudi, anakuta fomu tupu kana kwamba hajafanya lolote, analipa mara ya pili. Pesa za mtu zimekatwa mara mbili kwa sababu yako.

Mazingira ya majaribio ya MTN MoMo hayatakuonyesha hili. Yanatumia namba za bandia, hayatumi dirisha la PIN kwenye simu, na sarafu yake ni EUR badala ya UGX. Lazima uigize mwenyewe:

Kwanza, kwenye chaguo za wasanidi washa Usihifadhi shughuli. Bonyeza Lipa, toka ukapige *165#, rudi. Kila ulichoandika kiwe bado kipo. Hili hufuta skrini ya programu tu, programu yenyewe ikiwa bado hai kwenye kumbukumbu, kwa hiyo usiishie hapo.

Pili, zima swichi hiyo. Anza malipo upya, bonyeza kitufe cha nyumbani, kisha andika `adb shell am kill ug.mfano.akiba`. Rudi kupitia orodha ya programu za karibuni. Sasa kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu kimekwenda. Programu iliyojengwa vizuri huwa imeandika namba ya muamala kwenye hifadhi kabla ya kutuma ombi, na inaporudi inaiuliza seva hali ya muamala ule. Haimwonyeshi mteja kitufe cha Lipa mpaka ijue jibu. Ikishindwa jaribio hili, usiitoe.

Tatu, jaribu usingizi wa betri. Simu iliyochomekwa inachaji, na inayochaji hailali, hivyo huwezi kuona kazi za nyuma zinavyocheleweshwa. Idanganye:

`adb shell dumpsys battery unplug`
`adb shell dumpsys deviceidle force-idle`

Ukimaliza, `adb shell dumpsys deviceidle unforce` na `adb shell dumpsys battery reset`. Kwenye Tecno na Infinix kagua pia mipangilio yao ya kuokoa betri, maana huua kazi za nyuma kuliko Android yenyewe.

8. Bila waya, na iPhone

Android 11 kwenda juu ina Utatuzi usiotumia waya. Simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja, chagua kuoanisha kwa msimbo, andika `adb pair` na anwani unayoonyeshwa, weka tarakimu 6, kisha `adb connect`. Port ya kuoanisha si ile ya kuunganisha. Ya pili imeandikwa kwenye ukurasa wa nyuma. Wi-Fi za mikahawa mara nyingi haziruhusu vifaa kuonana, tumia hotspot ya simu nyingine.

iPhone inahitaji Mac yenye Xcode. Kuanzia iOS 16 unawasha Developer Mode ndani ya Privacy & Security baada ya kuiunganisha na Xcode, na kwa akaunti ya bure programu hudumu siku 7 kabla ya kuisakinisha tena.

9. Linda simu za majaribio

Simu yenye utatuzi wa USB humpa aliyeruhusiwa njia ya kusoma mengi yaliyomo. Weka PIN, usiichomeke kuchaji kwenye kompyuta ya mtu, na usipakie orodha halisi ya wateja kwa ajili ya majaribio: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu hata ukiwa bado unajenga. Tunga majina na namba za kujaribia. Siku ya kuiuza au kumpa mwingine, futa ruhusa zote za utatuzi wa USB, ondoa akaunti ya Google, kisha ufute simu yote.