Jaribu programu ya simu kabla ya kuitumia kupimia mgongo uliopinda

Pembe ya Cobb, yaani kipimo cha mpindo wa mgongo kwenye picha ya eksirei, iliyopewa jina la daktari Mmarekani John Robert Cobb aliyeieleza mwaka 1948, huamua mengi kwa mtoto anayekua. Mgongo ukipinda nyuzi 10 au zaidi tunauita skoliosisi. Kati ya 25 na 40 mara nyingi tunamvisha vazi la kuushikilia. Ukifika 45 au 50 tunaanza kuzungumza na wazazi habari za upasuaji. Programu ya simu inayopima pembe hiyo ikikosea nyuzi 6 hapo, mtoto anaweza kupelekwa chumba cha upasuaji bila sababu, au akacheleweshwa.

Hatua ya 1: Jua inavyopima.
Baadhi hufanya kazi kama pima maji ya fundi mwashi. Unalinganisha ubavu wa simu na uso wa juu wa pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) ya juu iliyoinama zaidi, unabonyeza, kisha unafanya hivyo kwenye uso wa chini wa pingili ya chini. Picha ya eksirei lazima isimame wima na isisogee hata kidogo kati ya vipimo viwili. Ukiilaza mezani, kihisi cha simu hakioni mzunguko wowote. Nyingine hutumia kamera, nazo ukipiga picha kwa upande, pembe zinapotoka.

Hatua ya 2: Anza na pembe unayoijua.
Chora pembe za nyuzi 10, 25, 45 na 60 kwa kipimapembe, bandika karatasi ukutani, pima kila moja mara tano. Ikikosea zaidi ya nyuzi 1, ifute.

Hatua ya 3: Picha 20 za zamani.
Hapa usiwe na haraka. Funika majina, changanya migongo iliyopinda kidogo na sana. Pima kwa rula na kipimapembe, kisha kwa simu. Mwenzako afanye vivyo hivyo bila kuona majibu yako. Baada ya wiki mbili rudieni, mkibadilisha mpangilio. Msichore chochote juu ya picha, maana mistari ya wa kwanza humwongoza wa pili. Kumbuka pia kwamba simu haichagui pingili. Jicho lako ndilo linalochagua, na makosa makubwa huzaliwa hapo. Kwa hiyo mkimaliza, pimeni tena kwa pingili mlizokubaliana. Tofauti ikipungua sana, tatizo halikuwa programu.

Hatua ya 4: Tazama kila tofauti.
Wastani hudanganya: +8 na -8 huleta sifuri. Hata uwiano mzuri hautoshi, kwani programu inayoongeza nyuzi 7 kila mara itaonekana inakwenda sambamba kabisa na rula. Panga tofauti zote 20 kati ya rula na simu. Mimi naikubali kama 19 ziko ndani ya nyuzi 5, kwa kuwa hata madaktari wazoefu wenye rula hutofautiana kiasi hicho.

Hatua ya 5: Andika namba ya toleo.
Programu ikisasishwa, rudia hatua ya 2 na picha chache za hatua ya 3. Inayotuma picha za wagonjwa nje ya simu siitumii kabisa.

Mtoto akiwa alipimwa nyuzi 41 miezi sita iliyopita na leo 45, nazipima upya picha zote mbili siku hiyohiyo, kwa rula, mimi na mwenzangu, kabla sijamwambia mama yake lolote.