Namna ya Kutumia Viungo kwa Usahihi Unapounganisha Vijenzi katika CAD

Wengi wanaoanza kuunganisha vijenzi, yaani vipande vya kifaa, katika programu ya CAD (ya kuchora na kubuni vifaa kwa kompyuta) hukichukulia kiungo kana kwamba ni gundi ya kunatisha kipande kimoja juu ya kingine. Dhana hiyo ndiyo mzizi wa matatizo mengi ya baadaye, kwa sababu kazi ya kiungo ni kuieleza programu ni mwendo gani unaoruhusiwa kati ya vijenzi viwili. Kwa hiyo, kabla ya kubofya chochote, kitazame kifaa chenyewe jinsi kinavyofanya kazi na ujiulize kila kijenzi kinasogea vipi kikilinganishwa na jirani yake.

Kitu kisichofungwa popote kina njia 6 za kusogea: kinaweza kuteleza kwa kufuata mihimili 3 (mistari ya kufikirika ya mwelekeo), na kinaweza pia kuzunguka kwenye mihimili hiyo hiyo 3. Kiungo huziba baadhi ya njia hizo. Kiungo kigumu huziba zote. Kiungo cha kuzunguka huacha njia 1, kama ilivyo kwa bawaba, na cha kuteleza nacho huacha 1, kama ilivyo kwa droo. Kiungo cha silinda huacha 2, kwa kuwa shafti iliyo ndani ya tundu huweza kuzunguka na kuteleza kwa wakati mmoja. Kiungo cha bapa na kile cha tufe huacha 3 kila kimoja, ila cha bapa huruhusu kuteleza pande 2 pamoja na mzunguko 1, ilhali cha tufe huruhusu mizunguko pekee.

Hivi ndivyo zinavyofanya kazi programu za CAD za Fusion, Onshape na pia FreeCAD, ambayo toleo lake la 1.0 la mwaka 2024 lilikuja na sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vijenzi. Katika SolidWorks, programu nyingine ya CAD, mazoea ya muda mrefu ni kutumia masharti madogo madogo, hivyo bawaba moja huhitaji angalau masharti mawili: mihimili ilingane, na nyuso zigusane. Hoja ya mwendo haibadiliki.

Katika Fusion, hakikisha kwanza kwamba kila kinachosogea kimegeuzwa kuwa kijenzi, kwa kuwa viungo haviunganishi maumbo yaliyo ndani ya kijenzi kimoja. Kisha funga kijenzi kimoja mahali pake, hasa kile ambacho katika kifaa halisi hukaa kimetulia, kama fremu au bloku ya injini. Unapoweka kiungo, kijenzi unachokichagua kwanza ndicho kinachosafiri kukifuata cha pili. Anayelisahau jambo hili hushangaa kuona fremu nzima ikiruka kuifuata skrubu. Ikiwa vijenzi vilichorwa tayari mahali pake, tumia kiungo kisichohamisha kitu, ambacho hurekodi uhusiano tu.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine ni kurudia kiungo. Chukua mlango wenye bawaba mbili. Ni rahisi kudhani kwamba bawaba mbili zinadai viungo viwili vya kuzunguka, lakini kila kimoja huziba njia 5, nao mlango una njia 6 tu tangu mwanzo. Mihimili ya bawaba ikipishana kwa milimita 0.1 tu, programu hutoa onyo la hitilafu au mlango hugoma kufunguka. Weka kiungo cha kuzunguka kwenye bawaba moja. Ya pili, funga nusu yake moja kwenye fremu na nusu nyingine kwenye mlango kwa viungo vigumu, basi.

Injini ya pistoni moja huonyesha jambo hilo kwa kina zaidi. Krankishafti (shafti kuu inayozunguka), konrodi (fimbo inayoiunganisha na pistoni) na pistoni yenyewe ni vijenzi 3 vinavyosogea, hivyo vina njia 18 kwa jumla. Viungo 3 vya kuzunguka (bloku na krankishafti, krankishafti na konrodi, konrodi na pistoni) huziba 15, na kiungo cha kuteleza kati ya pistoni na silinda huziba 5 nyingine, jumla 20, ilhali tunataka ibaki njia 1. Mfumo huu husogea kwa sababu tu mihimili yake imelala sambamba kabisa. Konrodi ikichorwa kando kidogo ya mstari wa katikati ya silinda, unakwama. Kwa hiyo mimi huweka kiungo cha silinda kati ya pistoni na bloku, kwa kuwa pini ya pistoni tayari inaizuia isijizungushe, na huweka kingine cha aina hiyo kwenye pini ya krankishafti, ili konrodi ijitafutie nafasi yake. Vizuizi hushuka kutoka 20 hadi 18, na mwendo wa injini haupungui.

Kila unapomaliza kiungo kimoja, shika kijenzi kwa kipanya na ukivute kabla ya kuweka kingine. Kikisogea pasipotakiwa, au kikikataa kusogea panapotakiwa, utajua mara moja kiungo chenye kosa. Ukingoja hadi viwe viungo 20, utatafuta siku nzima. Mwisho weka mipaka: mlango uanzie nyuzi 0 na ukome nyuzi 110, kwa mfano, kwa maana bila mipaka hiyo utapita ndani ya ukuta, kwani kiungo peke yake hakijui kwamba vitu vinagongana.