Ugiriki uende mwezi gani? Chagua msimu kwa kuangalia saa sita mchana

Wanaonijia niwapangie safari ya Ugiriki huanza na swali moja: hali ya hewa ni nzuri lini? Nami huwarudishia swali: saa sita mchana unataka uwe wapi? Juu ya magofu, ndani ya maji, kwenye meli, au mezani? Asubuhi na jioni za nchi ile hazina shida, karibu mwaka mzima. Mchana ndio unaoharibu safari za watu, kwa hiyo mchana ndio unaokuchagulia mwezi. Hatua hizi ndizo ninazozifuata kazini, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Andika mambo matatu unayoyafuata, yasizidi

Kuogelea, magofu ya kale, visiwa, kupanda milima, chakula, makanisa, kupumzika tu. Chagua matatu, na yapange kwa uzito. Anayefuata Akropoli, kile kilima cha mahekalu ya kale mjini Athene, na magofu ya Delphi hana msimu mmoja na anayefuata fukwe za kisiwa cha Naxos. Ukitaka yote kwa wiki moja ya Agosti, utayapata yote nusunusu.

Hatua ya 2: Usilipime joto lao kwa joto la pwani yetu

“Sisi tumezoea joto.” Nalisikia hili kila mara, hasa kwa watu wa Dar na Mombasa. Kumbuka Julai na Agosti kwetu ni kipupwe, na hata Februari jua letu huzama kabla ya saa moja jioni. Athene mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa tatu usiku. Ni saa kumi na tano za jua kupiga mawe na lami, na usiku ukiingia kuta bado zinatoa joto.

Wastani wa joto la mchana Athene mwezi Julai na Agosti ni kama nyuzi 33 au 34. Wimbi la joto likipita, huvuka 40. Tarehe 10 Julai 1977, Elefsina, jirani kabisa na Athene, ilifika nyuzi 48. Tena hewa ni kavu: jasho hukauka kabla hujaliona, mtu hudhani yuko salama mpaka kichwa kianze kuuma.

Basi soma kalenda hivi. Machi na Aprili ni maua na majani mabichi, mvua za hapa na pale, bahari baridi. Mei mchana huwa nyuzi 25 au 26, mzuri mno kwa kutembea, lakini Bahari ya Aegean, ile ya mashariki mwa nchi, bado iko kama nyuzi 19 au 20. Aliyezoea maji ya Diani ataingia magoti tu. Juni joto linapanda na maji yanaanza kuogeleka. Julai na Agosti umeshazisikia. Septemba hewa inapoa huku bahari ikiwa bado na joto lote la kiangazi, na Oktoba, hasa visiwa vya kusini vya Krete na Rhodes, bado unaogelea. Novemba mvua zinashika. Januari Athene ni nyuzi 13 hivi mchana, sweta na koti si hiari.

Upande nao una neno lake. Athene ni kavu, hupata takriban milimita 400 tu za mvua kwa mwaka. Kisiwa cha Corfu, kule magharibi, hupata zaidi ya mara mbili ya hizo, nyingi zikiwa kati ya Oktoba na Machi. Kwa hiyo “Oktoba ni nzuri Ugiriki” ni kauli ya kusini na mashariki kuliko ya Corfu.

Hatua ya 3: Uliza upepo

Watu wengi huiruka hatua hii, kumbe sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kuikumbuka, maana tumekulia kwenye kusi na kaskazi. Aegean ina upepo wake uitwao *meltemi*. Huvuma kutoka kaskazini wakati wa kiangazi, mkali zaidi Julai na Agosti, na huja mbingu ikiwa nyeupe, jua likiwaka, bila dalili hata ya wingu.

Faida yake ni kwamba hupoza visiwa. Mchana wa Julai, Paros na Naxos huwa na nafuu ya nyuzi kadhaa kuliko Athene, hivyo usiitupe Julai yote kwa sababu ya takwimu za mji mkuu. Hasara yake ni bahari. Boti za kasi huyumba na mara nyingi ndizo za kwanza kuzuiwa. Meli kubwa za magari hustahimili zaidi. Upepo ukizidi, walinzi wa pwani hupiga marufuku safari na wote mnabaki Pireas, bandari ya Athene, na mizigo yenu. Aliyewahi kutapika kati ya Dar na Unguja achague meli kubwa, hata kama inachukua saa nyingi zaidi. Fukwe zinazotazama kusini ndizo hupata kivuli cha upepo, kwa hiyo ukitafuta chumba kisiwani, angalia ramani kabla ya picha.

Hatua ya 4: Hakikisha mahali pako pamefunguliwa

Bonde la Samaria, Krete, matembezi ya kilomita 16 kushuka hadi baharini, kwa kawaida hufunguliwa Mei hadi Oktoba, na siku za joto kali au mvua hufungwa hata ndani ya msimu. Kisiwani Santorini majira ya baridi hoteli na migahawa mingi hufunga, na visiwa vidogo hubaki na meli chache kwa wiki. Athene, kinyume chake, haifungi. Novemba hadi Machi ni wakati wake wa siri: makumbusho yametulia, hoteli zimeshuka bei, na Jumapili ya kwanza ya mwezi huingii Akropoli kwa kulipa. Siku za kawaida tiketi ni euro 30 tangu Aprili 2025. Ila siku ni fupi, na maeneo mengi ya kale hufunga mapema alasiri.

Hatua ya 5: Weka sikukuu kwenye kalenda

Pasaka ya Waorthodoksi mara nyingi hailingani na ya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 2027 wao watasherehekea tarehe 2 Mei, wakati yetu itakuwa 28 Machi. Kama unapenda ibada na desturi, ni wakati usio na mfano: Ijumaa Kuu usiku watu huandamana na mishumaa, na Corfu, Jumamosi Kuu, mitungi ya udongo hutupwa kutoka vibarazani hadi barabarani. Kama hupendi, jua tu kwamba maduka hufungwa na meli hujaa.

Tarehe 15 Agosti ni Sikukuu ya Mama wa Mungu. Kisiwani Tinos mahujaji hupanda kutoka bandarini hadi kanisani kwa magoti, barabara ikiwa imetandikwa zulia upande mmoja kwa ajili yao. Wiki hiyo Wagiriki wenyewe wako likizo. Tiketi ya meli ya kununua siku hiyo hiyo isahau.

Hatua ya 6: Oanisha na likizo yako

Mwenye watoto shuleni hachagui, anapewa: Aprili, Agosti au Desemba kwa Kenya, Juni na Desemba kwa Tanzania. Ushauri wangu ni huu. Aprili: Athene, Delphi na rasi ya Peloponnese kusini, sahau kuogelea. Juni: gawanya nusu magofu, nusu bahari, ukianza na magofu. Agosti: visiwa tu, Athene usiku mmoja au miwili. Desemba: Athene na Thessaloniki, kwa chakula na makumbusho.

Asiyefungwa na shule aende katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Sina kigugumizi hapo. Chaguo la pili ni wiki mbili za mwisho za Mei. Lakini Septemba nayo si malaika: mwaka 2023 kimbunga Daniel kiliuzamisha mkoa wa Thessaly mwezi huo huo, na mwaka 2020 kimbunga Ianos kilipiga kisiwa cha Kefalonia na jirani zake. Nunua bima inayogharimia kuahirishwa kwa safari.

Hatua ya 7: Kama ni Julai au Agosti tu, geuza siku yako

Akropoli huingiwa kwa tiketi ya saa maalum. Chukua ile ya kwanza, saa mbili asubuhi, au za jioni. Kule juu hakuna mti. Marumaru nyeupe inarudisha jua machoni kutoka chini, na imesuguliwa na nyayo za watu hata inateleza kama sahani yenye mafuta. Viatu vya soli ya mpira, kofia, miwani ya jua, chupa ya maji. Katika mawimbi ya joto ya miaka ya karibuni, serikali imefunga eneo hilo kuanzia saa sita au saa saba mchana hadi karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mwenye tiketi ya mchana ndiye anayeumia.

Kutoka hapo teremka kwenye Makumbusho ya Akropoli, ambako kuna kiyoyozi. Kula, kisha lala. Wala si uvivu: saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu alasiri, wakati wa kiangazi, ni saa za utulivu kisheria, na mtaa mzima umefunga madirisha. Toka tena saa kumi na mbili. Chakula cha jioni huanza saa tatu usiku na watoto wapo mezani.

Usizime ujumbe wa dharura wa 112 kwenye simu. Julai 2023 maelfu ya watalii walihamishwa Rhodes kwa sababu ya moto wa misitu. Mamlaka ya ulinzi wa raia hutoa ramani ya hatari ya moto kila siku. Iangalie kabla ya kupanda mlima wowote.

Hatua ya 8: Hesabu viza kurudi nyuma

Ombi la viza ya Schengen, ile ya Ugiriki na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi hutolewa kwa siku 15, wakati mwingine hufika 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Anayetaka Septemba aanze kutafuta miadi Aprili au Mei, kwa sababu foleni ya kiangazi humkuta na yeye.

Viza ikitoka, panga usafiri wa ndani. Kiangazi saa ya Athene ni sawa na ya Nairobi na Dar. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudi nyuma kwa saa moja. Na kwa mwezi wowote utakaouchagua, tiketi ya meli ya kurudi Pireas iwe ya siku moja kabla ya ndege yako, isiwe siku ile ile.