Kabla Hujakata Tezi ya Boti ya Faiba
Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni ubao uliofungiwa ndani ya tezi (ukuta wa nyuma wa boti), ule unaobeba mashine, nao huoza kimya kimya rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Maji hupenyea kwenye matundu ya bolti za mashine, kwenye tundu la kizibo cha kutolea maji na kwenye kila skrubu iliyofungwa bila kuzibwa. Kwa hiyo usianze na kununua plaiwudi, anza kwa kujua ubovu umefika wapi. Gonga tezi nzima kwa nyundo ndogo: palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza hutoa mlio mzito. Kisha toboa vitundu vya milimita 4 au 5 kutoka ndani, hasa chini karibu na kizibo, uangalie unga unaotoka. Ukiwa mweusi na umelowa, ubao umekwisha. Toboa na mataruma (mbao za kuimarisha ndani ya boti) yanayogusa tezi, maana ukiyaacha mabovu, ubao mpya utaegemea kitu kisichoshika.

Ninalosisitiza kuliko yote ni umbo. Tezi ndiyo inayozuia mbavu mbili za boti zisitanuke. Ukiikata wakati boti imeegemea matairi mawili tu, itapinda, na faiba mpya ikishakaukia hapo hairudi tena. Itegemeze vizuri chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na mbavuni, funga ubao wa muda kutoka ubavu hadi ubavu, pima mishazari yote miwili, kona hadi kona. Chukua umbo la tezi kwenye kadibodi, andika unene wake (nyingi hukaribia milimita 38), mwinamo wake, na kimo kutoka chini hadi pale mashine inapokaa. Kimo kikizidi, propela huvuta hewa. Kikipungua, huzama mno.

Amua pia utaingilia ndani au nje, kwani ganda moja la faiba libaki zima ili ubao mpya upate pa kugandia.

Kwa gundi, mimi nachagua epoksi: hushika mbao na faiba kuukuu vizuri zaidi ya poliesta. Lakini mkeka wa faiba wa nyuzi fupi uliotengenezwa kwa ajili ya poliesta haulainiki vizuri kwa epoksi, hivyo tafuta kitambaa cha faiba kilichofumwa. Plaiwudi iwe ya majini, kavu, isiyo na mapengo ndani. Miwani, glavu na barakoa yenye kichujio viwepo kabla ya msumeno kuwashwa, kwa sababu vumbi la faiba huumiza mapafu.

Siku moja kabla ya kugandisha, bana ubao mkavu mahali pake kwa vibanio vyote, bila gundi. Epoksi iliyojaa kopo hupata moto na kuganda haraka. Huo si wakati wa kutafuta kibanio.

Bakiza epoksi ya matundu ya bolti. Yatoboe makubwa kuliko yanavyotakiwa, yajaze, yakishakauka yatoboe upya katikati, ili maji yasiguse mbao.