Mjue Thandiwe Muriu kwa kuiga picha yake moja

Picha za Thandiwe Muriu, mpiga picha wa Nairobi, nilizitazama miezi mingi nikidhani nimezielewa. Mwanamke amevaa kitenge, nyuma yake kitenge kilekile, macho yamezibwa kwa miwani ya vitu vya nyumbani, nywele zimesukwa kwa mitindo ya kale. Mfululizo huo anauita Camo, yaani kujificha, kwani mtu humezwa na kitambaa; aliuanza mwaka 2015. Nilipojaribu kuiga picha moja studioni kwangu, hapa Morogoro, ndipo nikaona kazi iliyomo. Nawe mjue hivyo, kwa mikono.

Anzia sokoni. Tafuta ua dogo linalojirudia. Ua kubwa kama sinia litakatikia begani na kumfichua mtu. Nilinunua yadi 12 Soko la Chifu Kingalu, 6 za gauni na 6 za ukutani. Ziwe za jora moja, kwani majora hupishana rangi. Gauni lisiwe na marinda, na maua yasimame kama yalivyo ukutani. Langu la kwanza lilikatwa kwa upande ili kuokoa kitambaa, tukashona upya.

Kitambaa cha nyuma kipige pasi, kisha kivute kwenye fremu ya mbao mpaka kikaze kama ngoma.

Umbali ndio ulionisumbua kuliko yote. Kitu kilicho nyuma huonekana kidogo, kwa hiyo maua ya ukutani yalikuwa madogo kuliko ya gauni, na mtu akajitokeza waziwazi. Msimamishe nusu mita tu kutoka kwenye kitambaa, halafu wewe rudi nyuma mita 4 au zaidi na uvute kwa zumu. Simu nayo inaweza, mradi usimsogelee. Kwenye kamera weka tundu la lenzi f/8 au f/11 ili gauni na ukuta vyote vionekane wazi. Kwa kuwa mtu yuko karibu na ukuta, kivuli kitamwangukia nyuma. Weka taa mbili zenye nguvu sawa, moja kila upande, uzifunike kwa shuka jeupe lisiloguswa na balbu.

Miwani tulitengeneza kwa vichujio viwili vya chai na waya. Ukifika hapo mtafute pia Cyrus Kabiru, Mkenya mwenzake, anayeunda miwani kwa vyuma na takataka za mitaa ya Nairobi na kuiita C-Stunners. Utotoni alitamani miwani, baba yake akakataa kumnunulia.

Mpwa wangu, niliyempiga picha, alipojiona kwenye kamera akauliza, "Shangazi, mimi niko wapi?" Nikajua tumefika.

Bado methali. Muriu huambatanisha picha zake na methali za Kiafrika, na sisi wa kanga tunamwelewa upesi: kanga bila jina ni pungufu. Mpwa wangu alichagua "Kimya kingi kina mshindo mkubwa."

Baada ya huyu nenda kwa Sammy Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi, Kongo. Katika mfululizo wake Mémoire, wa mwaka 2006, alichukua watu kutoka picha za enzi za ukoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya migodi ya Katanga alivyoyakuta. Mimi ninayo picha ya babu akiwa shamba la mkonge Kilosa. Jumapili nakwenda kupiga picha mahali pale aliposimama.